Wamenigomea dodoso

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi, na nasomea shahada ya uzamili. Natafiti lugha mbaya wanayotolewa akina mama wanaojifungua. Niligawa madodoso 14 kwa wenzangu. Yamerudi matatu, yote yameandikwa "hakuna tatizo". Swali la kwanza lilikuwa: "Kwa nini wauguzi wa hapa huwafokea wajawazito?" Nimekosea wapi?
Mfawidhi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo si swali, ni hati ya mashtaka. Tena aliyeiandika ndiye anayewapangia zamu!

Nami nilipokuwa matroni niliitisha kikao cha namna hiyo. Watu waliangalia vikombe vya chai mpaka vikapoa. Wiki iliyofuata, wakati wa kukabidhiana zamu, nilimuuliza binti mmoja: "Yule mama aliyeingia jana analia, mbona asubuhi ameaga anacheka? Ulimfanyaje?" Akasema alimtajia jina lake kwanza, kisha akamfunga kanga iliyokuwa inamvuka. Akanyamaza kidogo. Halafu, bila kuulizwa: "Ila wa kitanda cha pili nilimfokea, Matroni. Nilikuwa peke yangu, wao tisa."

Lile nililolitafuta kikaoni nililipata pale, mlangoni.

Baada ya kustaafu ndipo nikasoma kuwa njia hii ya kuuliza kwanza kilichokwenda vizuri ina wenyewe, na kwa Kiingereza inaitwa Appreciative Inquiry. Mwaka 1980, David Cooperrider, mwanafunzi wa uzamivu mjini Cleveland, Marekani, alikwenda hospitali ya Cleveland Clinic kuchunguza kasoro za uendeshaji. Kilichomshangaza ni jinsi watu walivyoshirikiana vizuri, na msimamizi wake, Suresh Srivastva, akamhimiza afuate huko huko. Makala yao ya 1987 ndiyo iliyoitambulisha njia hiyo kwa wasomi.

Kwa hiyo anza hivi: "Nisimulie zamu moja ambayo mama aliondoka ameridhika. Ulifanya nini? Nani alikusaidia?" Akikujibu kwamba glovu zilikuwepo na walikuwa watatu zamu, umeshajua zamu nyingine zinakosa nini. Akilalamika, andika hayo pia. Usimrudishe kwenye mazuri kwa nguvu, huo utakuwa ubembelezi wa kuwaziba midomo. Na akina mama wenyewe waulizwe, nyumbani kwao, si wakiwa bado kitandani kwako.

Mahojiano afanye mtu asiyeshika ratiba ya zamu. Ukibadili maswali, rudi kwanza kwa msimamizi wako na kamati ya maadili. Yale madodoso 11, usiyadai.