Maswali ya Wasomaji: Postikadi kwa Watu Usiowajua

Katika toleo lililopita tuligusia Postcrossing, mpango wa kubadilishana postikadi na watu msiojuana, ulioanzishwa nchini Ureno na Paulo Magalhães mwaka 2005. Maswali yamemiminika, mengi kutoka kwa wasomaji walioanza wakakwama. Yanayofanana tumeyaunganisha.

Ni mwezi wa pili sasa tangu nimtumie mtu wa Finland kadi, na hajajibu hata neno. Nimechezwa shere? – Msomaji, Umoja

Hapana. Huyo wa Finland hana deni lako, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Ukiomba anwani, tovuti inakuchagulia mwanachama yeyote na kukupa namba ya kadi, inayoanza na KE kwa sababu imetoka Kenya. Kadi ikimfikia, yeye anaisajili kwa kuingiza namba hiyo kwenye tovuti. Hapo ndipo jina lako linapoingia kwenye foleni, na mtu mwingine kabisa, huenda yuko Taiwan au Poland, anapewa anwani yako. Unampa huyu, unapewa na yule.

Jiulize basi kama namba ilifika ikiwa inasomeka. Wengi huiandika karibu na stempu, mhuri ukaigonga. Wengine huiandika chini kabisa ya kadi, mashine za posta ya kule zikachapa mistari yake juu yake. Iandike mara mbili, sehemu mbili tofauti upande wa ujumbe, kwa tarakimu kubwa. Ikipotea zote mbili, mpokeaji anaweza kuomba itafutwe kupitia tovuti, ila lazima awe na pa kuanzia. Ndiyo maana ni vizuri kutia jina lako, tarehe na neno Nairobi hata kama unaona stempu inatosha.

Baada ya siku 60 kadi huhesabiwa kuwa muda wake umepita na wewe unarudishiwa nafasi ya kutuma nyingine, lakini mpokeaji bado anaweza kuisajili hadi mwaka mmoja utimie. Anayeanza huruhusiwa kuwa na kadi 5 njiani kwa wakati mmoja, na idadi huongezeka kadiri zinavyofika. Sisi tungekushauri utume zote 5 wiki moja. Anayetuma moja akakaa kuingoja huchoka kabla posta haijamaliza kazi yake.

Kadi niliyotuma Ujerumani imerudi kwenye sanduku langu mwenyewe, na mhuri umepigwa vizuri tu. Nyingine ilifika, lakini mpokeaji anasema maandishi yalikuwa yamefutika. Nakosea wapi? – Msomaji, Kariobangi South

Ya kwanza tunaikisia kwa uhakika: uliandika anwani yako kwenye kadi. Kwenye bahasha anwani ya mtumaji ni jambo jema, tena ina upande wake. Postikadi haina nafasi hiyo. Mashine ya kuchambua barua, au karani aliye na haraka, anakuta anwani mbili upande mmoja, na mara nyingine anaifuata isiyo yake. Usiandike yako kabisa. Ukiombwa, iweke ndani ya sentensi za ujumbe kwa herufi ndogo, si kwa mistari iliyopangwa kama anwani.

Sasa shika kadi, upande usio na picha ukutazame. Igawanye kwa mstari wa katikati kama haina. Kushoto ni ujumbe, kulia juu ni stempu, kulia katikati ni anwani. Sehemu ya chini kulia, kama sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, iache tupu: hapo ndipo mashine za nchi nyingi huchapa mistari ya rangi ya kuongozea barua. Anayejaza ujumbe hadi huko hushangaa mpokeaji akimwambia sentensi ya mwisho imefunikwa.

Anwani inakili jinsi ulivyopewa, mstari kwa mstari. Usipange upya kwa kufuata mazoea ya hapa. Mjerumani anaweka msimbo wake wa tarakimu 5 mbele ya jina la mji, Mmarekani anauweka mwisho baada ya jimbo, Mholanzi ana tarakimu 4 na herufi 2. Jina la nchi liende mstari wa mwisho kwa herufi kubwa, na liwe kwa Kiingereza: GERMANY, si Ujerumani. Karani wa hapa atakuelewa ukiandika Ujerumani, lakini kadi ikipotoshwa njiani ikaangukia nchi ya tatu, hakuna atakayejua iende wapi. Anwani za Kichina, Kijapani au Kirusi usijaribu kuzichora kwa mkono. Zichapishe, uzikate, uzibandike kwa gundi ya kijiti, kingo zote zilale bapa. Ukingo ulioinuka hunaswa na mashine na karatasi yote hubanduka.

Kuna jambo dogo linaloleta balaa kubwa, nalo ni tarakimu 1 na 7. Ulaya bara wengi huandika 1 yenye mkia mrefu juu na 7 yenye kistari katikati. Ukiandika 7 bila kistari, macho ya huko huweza kuiona kama 1, na msimbo wa posta ukabadilika mji. Tia kistari.

Kuhusu kufutika: bila shaka ulitumia kalamu ya jeli kwenye kadi inayong'aa. Wino wa jeli haunyonywi na karatasi ya aina hiyo, unakaa juu, na kadi zikisuguana mfukoni mwa posta unahamia kwenye kadi ya jirani. Tumia biki ya kawaida au kalamu ya wino usiofutika yenye ncha nyembamba. Andika neno moja pembeni, ngoja dakika moja, pitisha kidole gumba. Likichafuka, badilisha kalamu.

Stempu zinunue kaunta, mfano pale GPO, ofisi kuu ya posta, kwenye Kenyatta Avenue, na utaje wazi kwamba ni postikadi ya ng'ambo na inaenda nchi gani. Kadi ya kawaida ina uzito wa gramu 5 hivi, kwa hiyo isikadiriwe kama barua nene. Zikipungua thamani, kadi inaweza kupigwa alama ya T na mpokeaji kudaiwa kilichobaki, aibu ambayo hakuna anayeitaka. Omba pia lebo ya buluu ya PAR AVION, yaani "kwa ndege" kwa Kifaransa; wakikosa, andika maneno hayo mwenyewe, kushoto juu ya anwani. Wakusanyaji wengi hufurahia stempu kuliko picha, kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua mbili au tatu za picha tofauti zenye jumla ileile, na uombe zigongwe mhuri kwa mkono hapo hapo kaunta. Mhuri wa mkono unasomeka: NAIROBI na tarehe.

Sina sanduku la posta. Nakaa ploti huku Pipeline. Nitapokeaje? – Msomaji, Embakasi

Barua za kawaida hapa kwetu haziletwi mlangoni, kwa hiyo jina la ploti na namba ya nyumba halitakusaidia. Unaweza kukodi sanduku, kujisajili kwa huduma ya mPost ya Posta inayoigeuza namba ya simu kuwa anwani, au kutumia sanduku la kazini, kanisani, msikitini au shuleni. Hilo la mwisho ndilo rahisi, lakini omba ruhusa kwanza. Jina lako lije mstari wa kwanza, jina la mwenye sanduku mstari wa pili, kisha P.O. Box na namba, kistari, msimbo wa ofisi yako ya posta (00100 ni GPO, 00200 City Square, 00800 Westlands), halafu Nairobi, halafu KENYA. Kwenye tovuti andika P.O. Box badala ya S.L.P., maana atakayeinakili huko Japan hajui kifupi chetu.

Mjulishe pia anayefungua sanduku. Postikadi haina bahasha, ni ndogo, na huonekana kama tangazo la biashara. Nyingi hazipotei angani. Zinapotelea kwenye trei ya mapokezi.

Naweza kuchapisha kadi zangu mwenyewe? Za madukani ni simba na machweo tu. – Mpiga picha, Ngara

Tena ukifanya hivyo utawafurahisha watu, maana simba wameshapokea wa kutosha. Peleka picha kwa wachapishaji wa River Road na uagize karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, upande mmoja uwe wa kung'aa na wa nyuma uwe mkavu. Ukubwa salama ni A6, yaani sentimita 10.5 kwa 14.8, karatasi moja ya A3 inatoa kadi 8. Kanuni za kimataifa zinaruhusu kuanzia sentimita 9 kwa 14 hadi 12 kwa 23.5, lakini mbali na A6 unajitafutia maswali ya kaunta. Usikubali laminesheni. Stempu haishiki juu ya plastiki, wala mhuri, wala wino.

Njia ya haraka ni kuosha picha ya 4R (karibu sentimita 10 kwa 15) studio. Hiyo nayo ina plastiki nyuma, na ni laini mno. Ibandike juu ya manila nyeupe kwa gundi ya kijiti, iweke chini ya vitabu vizito usiku kucha, kisha kata kingo za picha na za manila kwa pamoja. Gundi ya maji huikunja.

Picha gani? Matatu iliyochorwa, kibanda cha mahindi ya kuchoma, jakaranda za Oktoba, soko la Gikomba asubuhi. Watu wakionekana sura, waombe ruhusa.

Nitie kadi kwenye bahasha isichafuke? – Msomaji, Rongai

Usitie, isipokuwa mpokeaji ameomba kwenye maelezo yake. Wanataka mihuri na mikwaruzo ya safari.

Ujumbe wenyewe niandike nini kwa mtu nisiyemjua? Na raha iko wapi, kama WhatsApp ipo? – Wasomaji kadhaa

Soma maelezo ya mpokeaji kwanza. Karibu wote wameandika wanachopenda: paka, reli, mapishi, ndege. Chagua kimoja, uandike jambo moja mahususi kuhusu Nairobi linalokigusa. Kwa mpenda reli, mwambie mji huu ulianza kama kambi ya reli mwaka 1899. Kwa mpenda wanyama, kwamba mbuga ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1946 imepakana na jiji kiasi kwamba unaweza kupiga picha ya twiga na maghorofa nyuma yake. Kwa asiye na mapenzi maalumu, taja kwamba Julai tunavaa sweta. Wengi hudhani Kenya yote ni joto. Hawajui tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Anza na salamu ya Kiswahili na tafsiri yake chini. Nusu ya kadi inabeba maneno 60 hadi 80 kwa mwandiko wa kawaida, basi acha hali ya hewa ya leo na "natumaini u mzima".

Usiandike namba ya simu, ya kitambulisho wala mahali pa kazi. Kadi inasomwa na kila anayeishika. Na akitokea mtu anayeanza na kadi nzuri kisha anaomba fedha, mwache.

Raha? WhatsApp unajua nani ataandika, na lini. Hapa unafungua sanduku ulilozoea kukuta bili ndani yake, unakuta mwandiko wa bibi wa Japan anayekueleza jinsi anavyokausha matunda, na hana haja nyingine na wewe. Kama hilo halikugusi, mchezo huu si wako, na hakuna ubaya.

Nafundisha gredi ya 6, wanafunzi 40. Tutaanzaje? – Mwalimu, Kasarani

Mwalimu, fungua akaunti moja ya darasa kwa jina lako na sanduku la shule. Majina kamili ya watoto yasiingie kwenye kadi. Kwa kuwa mwanzo ni kadi 5, gawa makundi 5 ya wanafunzi 8: mmoja anakili anwani, wa pili anahakiki tarakimu, wawili wanatunga ujumbe, mmoja anaunakili kwa biki, mmoja anashughulikia stempu, wawili wanatafuta nchi kwenye ramani na kupima umbali. Rasimu ziandikwe daftarini kwanza. Ukilenga tarehe 1 Oktoba una kisingizio kizuri, kwani siku hiyo mwaka 1869 Austria-Hungaria ilitoa postikadi ya kwanza rasmi. Tarehe 9 ni Siku ya Posta Duniani, kukumbuka umoja wa posta ulioundwa Bern mwaka 1874. Msitarajie kupokea kadi kabla muhula haujaisha.

Nina postikadi za Nairobi za zamani, hazina tarehe. Nitajuaje umri wake? – Mzee mstaafu, South B

Shikamoo, mzee. Anza na mgongo wa kadi. Kama hauna mstari wa kugawa ujumbe na anwani, huenda ni ya mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, maana Uingereza iliruhusu mgawanyo huo mwaka 1902 na Marekani mwaka 1907. Kisha stempu: iliyoandikwa Kenya and Uganda ni ya miaka ya 1922 hadi 1935, ikiongezwa Tanganyika, ni kuanzia 1935, Kenya peke yake imeanzia uhuru, Desemba 1963. Ukikosa stempu, soma maelezo ya picha. Kenyatta Avenue iliitwa Sixth Avenue, baadaye Delamere Avenue. Kimathi Street ilikuwa Hardinge Street. Moi Avenue ilikuwa Government Road. Na kama jengo la mikutano la KICC linaonekana, kadi haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 1970.

Unachogundua kiandike kwa penseli laini, pembeni, si kwa kalamu. Usibandue stempu wala kuikata: kadi yenye stempu na mhuri wake mahali pake ina thamani kuliko vipande viwili. Epuka albamu za plastiki ya PVC inayonuka, kwa sababu baada ya miaka hunatana na picha. Kama hupati nyingine, bahasha za karatasi ndani ya sanduku kavu, mbali na ukuta wa nje, zinatosha.