Jibu: herufi zetu za kale, rangi za saikedeliki na akili unde

Ndugu, umeuliza mbona kila ukiiagiza programu ya akili unde ikuandikie neno la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa mtindo wa saikedeliki, ule wa rangi kali na herufi zilizovimbishwa, unapata michirizi mizuri isiyosomeka. Kazi hii naifanya hapa Mji wa Kale, Mombasa, na nakwambia: usiiachie mashine kuandika. Andika wewe.

Programu ya kutengeneza picha kama Stable Diffusion, iliyotoka 2022, haijui kusoma. Huanza na chengachenga tupu, ikazisafisha hatua kwa hatua mpaka picha ijitokeze. Kwake nukta ni pambo: itaongeza hapa, itafuta pale. Sasa itazame herufi yetu ya pa, yenye nukta tatu chini. Ikibakiwa na moja, "paa" imeshakuwa "baa".

Hapo ndipo tunapoachana na waliouanza mtindo huu San Francisco katika miaka ya 1960. Wes Wilson, mchora mabango, alizichukua herufi za msanii Alfred Roller wa Vienna, akazivimbisha mpaka zikajaza bango zima. Herufi za Kilatini huvumilia hayo. Zetu, ba, ta na tha zina mwili mmoja, na nukta ndizo zinazozitenga. Kwa hivyo pinda mkia utakavyo, refusha mstari, ila nukta ziheshimu.

Mimi nachonga kalamu ya mwanzi, naandika neno kubwa kwa wino mweusi, kisha naliskani. Kwenye kompyuta nalitenga tabaka mbili: mwili wa herufi peke yake, nukta peke yake. Mwili naupitisha kwenye ControlNet, nyongeza ya Stable Diffusion ya 2023 inayoilazimisha picha ifuate mistari yangu. Kwenye maelezo ninayoiandikia programu nataja vitu vya kwetu: nakshi za milango, mawimbi, pindo za kanga. Nukta nazirudisha mwisho kabisa, juu ya kila kitu.

Kwenye rangi, mfuate Victor Moscoso, mchora mabango mwingine wa San Francisco, mwanafunzi wa Josef Albers, mwalimu wa rangi, pale Chuo Kikuu cha Yale. Weka rangi mbili zinazokinzana, mfano nyekundu na kijani, zenye mwanga sawa. Kingo zake zitaonekana zikitetemeka. Kuhakikisha, geuza picha iwe ya kijivu. Herufi zikizama zisionekane, umepata. Nukta zipe manjano nyangavu, kwa sababu hizo hazifai kuzama.

Aya za Qur'ani mimi siziingizi humu kabisa. Kitu kisichojua thamani ya nukta kisiguse maneno hayo. Beti za mshairi Muyaka bin Haji zinatosha na kubaki: ni mtu wa Mvita hii hii, alifariki 1840, na nakala za mashairi yake kwa herufi hizi zimehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London.

Kabla hujasambaza picha, mwonyeshe mzee aliyesoma chuo cha Qur'ani zamani, umwombe aisome kwa sauti. Akikwama kwenye neno, rudi kwenye tabaka la nukta. Na kama huna wa kumwonyesha, weka hapa skani yako ya wino kabla hujaipitisha popote, tuikague pamoja.