Saketi ya ampea 10 niliyoijenga juu ya ubao wa mninga

Bredibodi yangu (ubao wa plastiki wenye vitundu vya kuchomeka vifaa bila kulehemu) iliyeyukia mezani, hapa Mwanga, Kigoma. Nilikuwa naunda saketi ya kupunguza mwanga wa taa za LED za mtumbwi wa dagaa. Betri volti 12, taa wati 120, yaani ampea 10. Vibanio vya bredibodi hubeba ampea 1 hivi. Nilisikia harufu ya plastiki kabla sijaona moshi.

Kinachounguza ni maungio. Ungio lenye ukinzani wa omu 0.05, likipitisha ampea 10, hutoa wati 5 za joto kwenye kitundu kidogo kama punje ya mchele.

Siku hizi naomba kipande cha mninga kwa seremala (ukisalimia vizuri hakuuzii). Nachuna waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5, ule wa uzi mmoja, naulaza ubaoni kama reli mbili, chanya na hasi, zikiwa zimeachana. Mkondo mzito wote unapita humo. Waya nausokota kwanza ndipo naweka risasi ya kulehemu. Risasi peke yake haishiki mzigo. Mosifeti (swichi ya kielektroniki inayowasha na kukata mkondo wa taa) naifunga kwenye alumini iliyoinuliwa isiguse mbao, na tahadhari: mgongo wake kwa kawaida umeungana na mguu wa kati, kwa hiyo alumini hiyo ina umeme.

Saketi ndogo ya kuongoza inakaa pembeni kwenye verobodi, kibao chenye vitundu na mistari ya shaba cha kulehemea vifaa. Hasi yake iunge palepale kwenye mguu wa sosi wa mosifeti, ule unaoelekea hasi. Mimi niliiunga kule kwenye betri, taa zikapepesa usiku mzima nikilaumu programu ya saketi hiyo. Kapasita (kifaa cha kutunza chaji) ya volti 35 nayo ikae karibu na mosifeti, maana waya mrefu wa betri hurusha volti kila mkondo unapokatwa ghafla.

Fyuzi iwe jirani na betri. Ukiwasha mara ya kwanza, pitisha umeme kwenye balbu ya gari ya wati 55: kukiwa na shoti itawaka yenyewe, na mkondo hautazidi ampea 5.

Nilijaribia Kibirizi wakati wa mbalamwezi, mitumbwi imepumzika. Mzee mwenye mtumbwi akacheka: “Fundi, taa yangu umeiwekea kibao cha kukatia nyama?” Nikamwomba anisubiri nimtengenezee bodi yenyewe. Ubao wangu hajaurudisha mpaka leo.