Muziki wa Kikelti: pa kuanzia na jinsi ya kuusikiliza

Ukitafuta muziki wa Kikelti YouTube au Spotify kwa jina hilo tu, kitu cha kwanza utakacholetewa ni kinanda cha umeme kinachoiga kinubi, mawimbi ya bahari na picha ya ngome kwenye ukungu. Huo ni muziki wa kulalia. Neno "Kikelti" limekuwa lebo ya wauzaji, na chini yake wamejaza Ayalandi, Uskoti, Wales, Bretagne ya Ufaransa, Galicia ya Hispania na kisiwa cha Cape Breton huko Kanada. Wapigaji wenyewe hutaja nchi yao, au hata wilaya. Nawe tafuta kwa jina la mpigaji, la eneo au la ala, na ukiona video ya saa tatu isiyotaja mpigaji hata mmoja, ipite.

Ningeanza Ayalandi, kwenye santuri ya kwanza ya kundi la Planxty, ya mwaka 1973. Ina nyimbo za kuimbwa na tuni za ala tupu, kwa hiyo sikio geni halichoki. Angalia wimbo unaoifungua. Christy Moore anaimba, mandolini ya Andy Irvine na bouzouki (ala ya nyuzi yenye shingo ndefu) ya Dónal Lunny zinasukana chini ya sauti yake, na maneno yakiisha hawasimami. Wanaingia moja kwa moja kwenye Tabhair Dom Do Lámh, tuni ya Ruaidhrí Dall Ó Catháin, mpiga kinubi wa karne ya 17, na zumari ya mfuko ya Liam O'Flynn inasikika. Rudia kipande hicho cha mpito mpaka ukizoee, maana muziki huu unaishi kwenye mipito ya namna hiyo.

Wageni wengi hulalamika kwamba tuni zote zinafanana. Wanasubiri kibwagizo, au gitaa libadilishe mkondo, ilhali hapa mambo yote yamo kwenye mstari mmoja wa tuni. Dawa ni kuhesabu. Tuni ya kawaida ina sehemu mbili, kila moja baa 8 (baa ni fungu dogo la mapigo). Ya kwanza hupigwa mara mbili, ya pili mara mbili, jumla baa 32, kisha mzunguko unaanza upya. Mara nyingi sehemu ya pili hupanda juu, na hapo ndipo utakapojua umevuka. Rili, aina moja ya tuni za dansi, huhesabiwa nne nne na ni ya mbio: mzunguko mmoja huchukua nusu dakika na ushei. Jigi, aina nyingine, ni moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Wapigaji huizungusha tuni mara mbili au tatu, halafu wanarukia nyingine bila kutua, na aghalabu ufunguo hubadilika palepale. Chukua kalamu, weka alama kila sehemu inapoanza. Ukipotea, rudisha nyuma sekunde chache badala ya kuanza upya. Zipo pia tuni za sehemu tatu au zaidi, na rili ambazo sehemu hazirudiwi, kwa hiyo hesabu isipotimia huenda kosa si lako.

Ukishazoea kuhesabu, geukia mapambo. Hapa hakuna mwalimu bora kuliko Martin Hayes, mpiga fidla wa mashariki mwa Clare, magharibi mwa Ayalandi, akiwa na Dennis Cahill kwenye gitaa, katika The Lonesome Touch ya 1997. Mwendo wao ni wa pole, na gitaa halijazi nafasi bila sababu. Sikia noti ndefu inavyofanyiwa: anaipiga, anadokoa noti iliyo juu yake, anairudia, anadokoa ya chini, anamalizia na ileile ya kwanza, yote ndani ya muda wa noti tatu fupi. Kwa kasi ya kawaida utasikia mtetemo tu. Shusha mwendo wa video hadi 0.75, au hata 0.5, na noti zitaachana. Santuri yao ya Live in Seattle ya 1999 ina mfululizo mmoja wa karibu nusu saa, ni hazina kweli, lakini usiuguse kabla hujaweza kutambua tuni inapobadilika.

Baada ya hapo fananisha maeneo. Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo, kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, alirekodi New York miaka ya 1920 na 1930. Fidla yake inang'aa, ina mbio, na rekodi zake ziliporudi Ayalandi wapigaji wengi waliiga mtindo wake wakaacha wa kwao. Santuri hizo zina mkwaruzo, na kinanda kinachomsindikiza mara nyingi hakiendani na tuni. Fuata fidla peke yake. Kisha msikilize Denis Murphy na dada yake Julia Clifford wa Sliabh Luachra, mpakani mwa Kerry na Cork, ambako polka, tuni ya dansi ya mapigo mawili, ndiyo mfalme: The Star Above the Garter, 1969. Bothy Band, waliotoa santuri yao ya kwanza 1975, wasubiri mpaka hapa. Wana kasi na ala nyingi, na sikio lisilozoea litaona vurugu.

Uskoti huwashinda watu kwa sababu ya zumari yao kubwa ya mfuko. Ina noti tisa tu, haipandi wala haishuki sauti, na hewa ikishaingia huwezi kuinyamazisha kati ya noti na noti. Ndiyo maana noti mbili zinazofanana hutenganishwa kwa kanoti kafupi ka haraka. Ukikasikia hako, kelele inageuka muziki. Usiisikilize kwa spika ya simu, kwani bomba kubwa la mngurumo litapotea na kubaki mlio mkali tu. Tumia hata vipokea sauti vya bei rahisi. Ukipendelea sauti ya mtu, Julie Fowlis wa North Uist anaimba kwa Kigaeli, na kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Tobar an Dualchais kuna sauti za wanawake wa visiwani wakiimba huku wakipondaponda kitambaa cha sufu, mmoja akitoa na wengine wakipokea.

Bretagne utaipenda haraka kama umelelewa pwani, kwa kuwa bombarde yao ni ndugu wa nzumari. Hupigwa pamoja na biniou, zumari ndogo ya mfuko iliyo juu zaidi. Mpiga bombarde akipumzika kuvuta pumzi, biniou inaendelea. Anza na Alan Stivell, tamasha lake la Olympia, Paris, 1972.

Ukipata tuni uliyoipenda, tafuta jina lake kwenye tovuti ya The Session: utaona majina yake mengine, maana tuni moja huwa na majina kadhaa, na santuri ilimopigwa. Kwa kusikiliza kila siku, RTÉ Raidió na Gaeltachta, redio ya Ayalandi inayotangaza kwa Kiayalandi, hupatikana bure mtandaoni. Dublin iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa tatu majira ya baridi na saa mbili kiangazi, kwa hiyo vipindi vyao vya jioni vitakukuta usiku.