Mama mkwe, fomu ya pensheni na miaka ya kulea

Mama mkwe wangu alikuwa karani wa benki mjini Cork, Ireland, tangu 1966. Mwaka 1971, akiwa na miaka 23, alirudisha funguo za droo yake siku ya Ijumaa, na kesho yake akafunga ndoa. Hakuacha kazi kwa kupenda. Ireland ya wakati ule mwanamke wa serikalini, wa benki na wa viwanda vingi alipoolewa aliondoka. Walimu wa shule za msingi waliondolewa marufuku hiyo mwaka 1958, watumishi wa serikali 1973, na sheria ya 1977 ikawafunga mikono waajiri wengine wote. Alipewa kiinua mgongo kidogo, akanunua jiko.

Akazaa watoto wanne kati ya 1972 na 1980. Mwaka 2002 akarudi kazini, jikoni hotelini, hadi alipotimiza miaka 66 mwaka 2014. Pensheni ilipotoka, akapata 65% tu ya pensheni kamili. Jirani yake wa rika lake, aliyeanza naye kazi kwenye jiko lile lile la hoteli mwaka ule ule, na ambaye hakuwahi kuajiriwa kabla, alipata kamili.

Nilidhani wamekosea. Hawakukosea, na hilo ndilo lililoniuma. Wakati ule walichukua michango yote ya kila wiki (wazee huku bado huiita stempu) wakaigawa kwa miaka tangu siku ya kwanza ya ajira hadi miaka 66. Jirani: wiki 624 kwa miaka 12, wastani 52. Mama: wiki 884, nyingi kuliko za jirani, lakini zikagawanywa kwa miaka 48, zikaleta wastani wa 18. Ile miaka mitano ya benki, aliyochangia kwa haki, ndiyo iliyomshusha. Na hii ni nchi ambayo Katiba yake ya 1937 inasema mama asilazimishwe na dhiki kutoka kwenda kufanya kazi akaacha majukumu ya nyumbani!

Serikali ilibadili hesabu mwaka 2018. Kwa waliozaliwa kuanzia Septemba 1946, miaka ya kulea mtoto aliye chini ya miaka 12 sasa huhesabiwa, hadi miaka 20, hata kama ni ya zamani kiasi gani. Barua ikaja na fomu. Mama akaiweka chini ya redio. Nilipomuuliza, akasema, "Hiyo ni ya watu waliokuwa na shida. Mimi nilikuwa nalea wanangu tu."

Dada, kama una mama mkwe au mzee unayemtunza, hapo ndipo pa kushika. Usimuulize kama anastahili, maana atakataa. Mwambie, "Mama, nitajie siku za kuzaliwa za watoto." Tulikaa mezani na vyeti vyao vinne, akakumbuka hadi hali ya hewa ya kila siku aliyojifungua. Wiki 1,040 za kulea, jumlisha 884, ni 1,924. Kiwango kamili ni 2,080. Akafika zaidi ya 92%, na malimbikizo tangu Machi 30, 2018. Ya nyuma ya hapo hayakurudi.

Mkiwa mnatafuta kumbukumbu, jueni kwamba kabla ya 1974 posho ya watoto ililipwa kwa baba, kwa hiyo jina la mama huenda halimo.

Na sisi tunaofanya kazi huku: omba taarifa ya michango yako sasa, ukiwa bado una nguvu. Lazima uwe na wiki 520 ulizolipia kwa ajira, na miaka ya kulea haizibi pengo hilo. NSSF uliyochangia Kenya haihesabiwi huku. Mimi nilipopata yangu nilikuta mwaka mzima haumo, kwa sababu mwajiri mmoja hakuwasilisha. Niliupata kwa sababu nilikuwa bado na karatasi za mshahara.