Kwa nini Mjerumani ana Kifaransa ambacho Mfaransa hakijui

Mkuu, umeuliza kama Wajerumani walikopa maneno ya Kifaransa bila kuyaelewa, maana mengine Mfaransa akiyasikia anabaki kukodoa macho. Naishi huku Ujerumani, na jikoni nilikuwa na jamaa wa Bukavu aliyesomeshwa kwa Kifaransa tangu utotoni, kwa hiyo vituko hivi navijua.

Siku moja tuliingia duka la mikate. Ndani ya kabati la kioo kulikuwa na vitu vyeupe vya ute wa yai na sukari, vimewekewa kibandiko: "Baiser". Jamaa alicheka hadi akaegemea mlango. Kwake hilo ni busu, na ukilifanya kitenzi siku hizi ni matusi kabisa. Wafaransa kitu chenyewe wanakiita meringue. Muuzaji alitutazama tu. Angecheka nini? Kwake hicho ni Kijerumani.

Na kweli ni Kijerumani. Neno likishahama, mwenye nalo wa kwanza halimhusu tena. Kinyozi huku ni Friseur, kutoka friser, kutia nywele mawimbi. Paris wanasema coiffeur. Wapolandi nao wana fryzjer, ambalo walilipata kwa jirani Mjerumani, si Paris. Kuna hata Blamage, fedheha ya hadharani: shina la Kifaransa, mwisho wa Kifaransa, lakini limeundwa Ujerumani na Ufaransa halipo. Usishangae. Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani, ilipokea wakimbizi Waprotestanti wa Kifaransa tangu 1685, na mfalme wake Friedrich wa Pili aliandika vitabu vyake kwa Kifaransa.

Mara nyingine mkopaji ndiye anayetunza ya kale. Wamarekani wanachekwa kwa kuita mlo mkuu entrée, ilhali Ufaransa ni chakula cha kuanzia. Lakini katika karamu za zamani za Kifaransa, entrée ilikuwa sahani ya nyama ya kushiba, iliyokuja baada ya supu.

Ninalolipenda mimi ni magasin. Asili yake Kiarabu, makhazin, yaani maghala. Ufaransa na Urusi likawa duka. Uingereza likabaki ghala, hasa la silaha, mpaka 1731 lilipotoka Gentleman's Magazine, ghala la habari. Tangu hapo likawa jarida, na Wafaransa wakalikopa upya kwa maana hiyo. Magazini ya risasi ya askari wetu ni neno lilelile. Na hazina yetu imetoka mzizi huohuo wa Kiarabu, ila yenyewe haikupitia Paris.