Barua kwa mwanangu: Kubali kuwa mtu wa nne

Marahaba mwanangu. Hapa Tucson hatujambo, baba yako anakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeusoma. Wenzako wa kazini wamekosa mtu wa nne kwenye timu yao ya 24 Hours in the Old Pueblo, zile mbio za baiskeli za milimani za kupokezana kwa saa 24, wamekuomba uingie, na kwa kuwa mimi nimeshawahi kushiriki unaniuliza: "Mama, kwa kasi mimi ndiye wa mwisho. Nikubali, au nitakuwa mzigo kwao?"

Kubali. Mzigo kwenye timu si mtu anayekwenda polepole. Ni mtu asiyejulikana atarudi saa ngapi. Ukiwaambia utatumia saa mbili, ukarudi baada ya saa mbili, umewatendea haki kuliko yule aliyejigamba kwamba atatumia saa moja na robo, kisha mwenzake akabaki kwenye baridi akijiuliza kama kuna mtu ameumia huko porini. Nimesimama kwenye hema la kupokezana usiku. Watu wamevaa helmeti, baiskeli ziko tayari, macho yote yako mlangoni. Kila anayeingia amejaa vumbi hadi kwenye kope, na mpaka akaribie huwezi kujua ni wako au wa wengine. Mwenzako anachotaka saa hiyo ni kukuona ukiingia muda uliosema, mzima, kijiti mkononi.

Ujue mlivyopangiwa. Mbio huanza Jumamosi saa sita mchana, katikati ya Februari, hadi Jumapili saa sita mchana. Njia ni ileile, mzunguko wa kama kilomita 26 katika jangwa la Sonora, karibu na mji wa Oracle, Arizona. Mkitumia saa moja na nusu kila mmoja, unapata saa nne na nusu kabla zamu yako haijarudi. Zinaonekana nyingi. Ondoa muda wa kula, wa kuvua nguo zenye jasho, wa kufuta na kupaka mafuta mnyororo, wa kuwahi hemani, uone usingizi unaobaki. Ndiyo maana timu nyingine usiku huamua kila mtu apige mizunguko miwili mfululizo ili wengine walale usingizi wa maana. Kwa wazoefu ni mpango mzuri. Wewe ukiombwa hivyo, kataa, na ukatae mapema, siyo saa tano usiku.

Usiku ndio mbio zenyewe. Februari jua huzama mnamo saa kumi na mbili jioni na halichomozi mpaka karibu saa moja asubuhi, kwa hiyo zaidi ya nusu ya mashindano ni giza. Mchana utavaa mikono mifupi. Jua likishazama, hewa ile kavu haishiki joto hata kidogo. Utaona ukishuka kwenye makorongo ya mchanga: baridi imetuama chini kama maji, ukipanda ng'ambo unatoka ndani yake. Vaa koti jepesi la kuzuia upepo unapoendesha, lile zito liache hemani la kuvaa wakati wa kusubiri. Taa ziwe mbili, moja kwenye usukani na moja kwenye helmeti, kwa sababu taa ya usukani haikuonyeshi kilicho nyuma ya kona mpaka umeshaikata. Kwenye mlima unapokwenda taratibu punguza mwanga, utauhitaji kwenye mteremko.

Halafu kuna choya. Hao ni kaktasi, mimea ya miiba ya jangwani, wenye vipande vinavyong'oka kwa kuguswa tu, na ukivigusa vinakuja na wewe. Miiba yake ina vijino vilivyoelekea nyuma, inaingia kirahisi na kutoka haitaki. Usishike kwa vidole, utahamishia mkononi. Chukua chanuo lako la nywele lenye meno mapana, liingize kati ya ngozi na kile kipande, kibetue kwa mara moja kwenda mbali na wewe. Mwiba utakaobaki utoe kwa plaizi ndogo. Vyote viwili viwe mfukoni, visiachwe kwenye begi kambini. Tairi pia zitachomwa, kwa hiyo tumia zisizo na tyubu, zenye dawa ya maji inayoziba matundu, na bado ubebe tyubu moja ya akiba.

Nakujua, mwanangu. Tangu mdogo ukiangaliwa unaongeza nguvu. Huko utapitwa na watu wengi, na sehemu kubwa ya njia ni nyembamba, kaktasi huku na huku. Mtu akikuita kutoka nyuma, mjibu, endelea na mwendo wako ulionyooka, na mpishe pale palipo na nafasi. Ukijirusha pembeni kwa aibu, choya wanakusubiri. Wala usimfuate aliyekupita. Kasi yake si yako, na mzunguko wako wa saa tisa usiku bado unakudai hizo nguvu.

Chakula niachieni mimi. Nitakuja Ijumaa kupiga hema pamoja nanyi, nilete chapati, viazi vya kuchemsha na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Maji unywe hata kama husikii kiu, jasho kule linakauka kabla hujaliona.

Jambo moja la kuwaomba wenzako leo: wakupe zamu ya tatu. Ya kwanza huanza kwa kukimbia kwa miguu hadi zilipo baiskeli, umati mkubwa kwa pamoja, mwachie anayeipenda purukushani hiyo. Ya tatu itakuangukia kama saa tisa alasiri, kukiwa bado kweupe, uijue njia kabla hujarudishwa usiku. Ukishawajibu nijulishe, nikutumie taa zangu. Betri zote bado zinashika chaji, ila zijaribu kwa saa mbili nzima nyumbani kabla ya kuja.

Mama yako